Analojia, Dijitali na Spika za Mjomba

Siku hizi ukitaka kumtukana mtu bila kumtaja mama yake, unamwambia tu, "Wewe bwana analojia." Umemmaliza! Maana yake ni mshamba, kapitwa na wakati, mjini hana lake. Lakini neno hilo halikuzaliwa tusi. Kwetu lilienea mitaani pale mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu wakaanza kugombea ving'amuzi. Wenzetu wa Kenya wakalipeleka mpaka kwenye siasa. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 kambi ya Uhuru Kenyatta na William Ruto ilijiita ya dijitali, na wapinzani wao wakabandikwa uanalojia.

Nami nilikuwa mtukanaji hodari. Na mtu niliyemtukana hadharani, nasikitika kusema, alikuwa mjomba wangu wa damu, fundi redio wa Bagamoyo. Makala hii ni ya historia, ndugu msomaji, lakini ukiona mahali fulani naomba radhi, usishangae.

Kibanda cha mjomba kipo Magomeni, siyo Magomeni ya Dar, bali hii yetu ya Bagamoyo. Mchana alikuwa akitengeneza redio, usiku akikodisha muziki. Alikuwa na spika mbili za sanduku la mbao, ndefu kuliko mimi nilipokuwa darasa la pili, kila moja ina koni ya karatasi ya inchi 15. Juu yake alikuwa na honi mbili za bati, zile za mdomo mpana kama za msikitini. Kukiwa na harusi Kaole au mkesha Dunda, vyombo ni vya mjomba. Amplifaya yake ilikula betri ya gari, maana huko kwingi tulikokwenda umeme ulikuwa hadithi.

Basi mwaka 2013 nikarudi kutoka Dar na simu mpya yenye nyimbo 600. Nikamwambia mbele ya wateja wake, "Mjomba, haya makanda na haya masanduku ni analojia. Uza chuma chakavu, ununue vitu vya kisasa." Wateja wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Aliichukua ile simu, akaiweka sikioni, akasikiliza kidogo.

"Sasa mpwa wangu, hii sauti inatokea wapi?"

"Kwenye spika yake, mjomba."

"Na hiyo spika yake ni dijitali?"

Nikanyamaza, maana sikujua. Imenichukua miaka kulijibu swali lile sawasawa.

Tuanze mwanzo. Sauti ni hewa inayotikisika, basi. Ukipiga ngoma, ngozi inasukuma hewa, na hewa inakwenda kusukuma ngozi nyembamba iliyomo ndani ya sikio lako. Analojia ni kuuchora mtikisiko huo jinsi ulivyo katika kitu kingine. Katika santuri unachorwa kwenye mfereji: sauti ikipanda na kushuka, ukuta wa mfereji nao unapinda hivyo hivyo, na sindano inaufuata. Katika kanda unachorwa kwa sumaku juu ya unga laini uliopakwa kwenye utepe. Dijitali haichori, inahesabu. Diski ya CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huupima mtikisiko mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa moja ya ngazi 65,536.

Hapo ndipo ugomvi wa barazani unapoanza. Mmoja atasema, "Dijitali ina mapengo kati ya kipimo na kipimo, kwa hiyo sauti si kamili." Si kweli. Claude Shannon, Mmarekani, alithibitisha kwa hesabu mwaka 1949 kwamba ukiupima mtikisiko zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, unaweza kuurudisha mzima. Sikio la kijana husikia mpaka mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, ndiyo maana wakachagua 44,100. Mwingine atasema, "Basi dijitali yoyote ni safi." Na huyo naye kakosea. Faili la mp3 la kwenye simu limepunguzwa ili lipungue uzito, na kinachotupwa ni sauti halisi ambazo watalaamu walidhani hutazisikia. Likibanwa sana, matoazi yanakuwa kama maji yanayochemka.

Lakini mjomba hakuniuliza habari za diski wala mp3. Aliniuliza habari za spika. Na spika, jamani, zote ni analojia! Sikio la binadamu halili namba. Hata simu ya bei mbaya kiasi gani, mwisho wa safari lazima kitu fulani kitikisike na kusukuma hewa. Kitu hicho Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walikitangaza mwaka 1925: koili ya waya wa shaba ndani ya sumaku, imegundishwa kwenye koni ya karatasi. Umeme ukipita, koili inacheza, koni inaifuata. Karne nzima imepita na msingi ni ule ule, kuanzia ukumbi wa disko mpaka kisimu chako.

Sasa turudi pwani, tuone sauti ilifikaje kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu, alisafiri na wenzake kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi kampuni ya HMV. Sauti ya Kiswahili ikachorwa kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zikauzwa pwani nzima. Santuri moja ilisikilizwa na kundi: mwenye gramafoni alikuwa mmoja, wasikilizaji baraza zima. Mwaka 1951 ikaanza Sauti ya Dar es Salaam, ambayo baada ya kubadilika jina ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio vijijini. Hebu fikiri, milioni 2! Na redio yenyewe moja katikati ya kundi zima, koni yake ndogo kama kisosi.

Bibi yangu mzaa mama, mama yake mjomba, alikuwa katika kikundi kimoja huko Ubena Zomozi, kwenye barabara ya Morogoro ukishaipita Chalinze. Alikuwa akisema alijifunza kuchimba choo kwa redio na kucheza dansi kwa redio hiyo hiyo. Barabara ile ndiyo waliyopita wanamuziki wa Morogoro kwenda Dar, Mbaraka Mwinshehe akiwemo. Bibi aliapa kwamba aliwahi kuliona basi la bendi limeharibika pale kijijini. Sina ushahidi, lakini nani atambishia bibi?

Jambo moja la historia hii linapaswa kutuuma. Santuri za wanamuziki wetu nyingi zilichapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Kwa hiyo nyimbo nyingi za bendi zetu hazikupata santuri kabisa. Bendi iliingia studio ya Redio Tanzania, ikapiga, ikarekodiwa kwenye kanda kubwa za duara, kanda ikawekwa kabatini. Wimbo ulioimbwa na nchi nzima ulikuwa unakaa katika kanda moja, ndani ya jengo moja, barabara ya Pugu. Wananchi nao wakajirekodia kutoka redioni kwa kaseti, ile iliyoletwa na Philips mwaka 1963. Wasanii waliumia, maana kaseti za wizi zilijaa sokoni na wao hawakupata hata senti. Lakini bila wale wezi na mafundi wa vibandani, nyimbo ngapi zingebaki masikioni mwetu?

Halafu ikaja mchiriku, na hapa vijana wa analojia na dijitali wote wakae kimya wasikilize. Muziki huu ulitoka katika ngoma za Kizaramo, ukakulia pembezoni mwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990. Kundi la Jagwa Music, mojawapo ya yanayojulikana, albamu yake ilitoka Ulaya mwaka 2012. Chombo kikuu ni kinanda kidogo cha Casio, ambacho sauti yake inatoka kwenye chipu. Kinapitishwa kwenye amplifaya ya kuungaunga, kinatokea kwenye honi kuukuu za bati, na ngoma za kawaida zinakisindikiza. Sauti inakwaruza, inapasuka, inachoma kama pilipili. Mgeni angesema spika mbovu. Kumbe ndiyo utamu wenyewe! Wapigaji malimba wengi wa nchi hii huvisha vipande vya bati au pete za waya kwenye vyuma vyao makusudi ili mlio uvume. Mkwaruzo kwetu haukuwa ugonjwa kila mara.

Honi ile haikuchaguliwa kwa urembo. Spika ya koni hugeuza sehemu ndogo sana ya umeme kuwa sauti, asilimia 1 au 2 hivi. Zinazobaki zote ni joto. Honi hutoa sauti kubwa zaidi kwa umeme ule ule. Ukiwa na betri moja ya gari na mashabiki 300 uwanjani, utachagua nini? Mjomba alikodisha honi zake kwa makundi ya mchiriku, zikirudi zimebonyea, lakini zinalia.

Zilizokufa ni spika za sanduku, na aliyeziua ni mimi.

Ilikuwa harusi, mwaka 2015. Mjomba alikuwa na homa, akaniachia vyombo. "Ukisikia inakwaruza, teremsha," akaniambia. "Usingoje moshi." Nikachomeka simu yangu. Muziki wa siku hizi hurekodiwa ukiwa umebanwa: hakuna sehemu ya chini wala ya juu, yote ni juu mwanzo mpaka mwisho. Kaseti za mjomba zilikuwa na pumzi kati ya pigo na pigo, na katika ile pumzi koili ilipata nafasi ya kupoa. Vijana wakasema, "Ongeza!" Nikaongeza. Amplifaya ikazidiwa, ikawa inakata vichwa vya mitikisiko na kusukuma umeme mfululizo. Ilipofika saa sita usiku nikasikia harufu ya gundi inayoungua. Spika ya kushoto ikanyamaza. Nikaongeza tena ili ya kulia ifidie. Nayo ikanyamaza.

Asubuhi nilimwamkia mjomba shikamoo kwa sauti ya mwizi. Akaitikia marahaba, akainusa spika moja, akaniambia, "Vua shati. Leo unafanya kazi."

Tulifanya kazi siku nne. Tulilainisha gundi ya pembeni kwa tina, tukaitoa koni taratibu isichanike. Koili ilikuwa nyeusi kama mkaa. Mjomba alipima unene wa waya, akahesabu mizunguko, akasuka mpya juu ya karatasi ngumu huku akiniambia nisiongee asije akasahau hesabu. Mimi nilipewa kusafisha tundu la sumaku kwa karatasi ya gundi, maana punje moja tu ya chuma ndani yake itakwaruza maisha. Ukuta wa tundu lile na koili vinaachana kwa nafasi ndogo kama unene wa kadi. Ili koili ikae katikati kabisa tulizungushia vipande vya filamu ya eksirei ya zamani, tukagundisha, tukaacha ikauke usiku kucha, ndipo tukavichomoa kimoja kimoja. Mita ikasoma 6. Nikashtuka, maana nyuma ya spika imeandikwa 8. "Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Nane ni ya muziki ukipita. Mita haijui muziki." Mwisho akagusisha betri ndogo ya redio kwenye nyaya: koni ikaruka mbele, tap! Akatia alama ya jumlisha kwa rangi nyekundu.

Katika siku zile nne nilielewa kwa nini spika zake zilidumu miaka yote hiyo hapa pwani, ambako upepo wa bahari unakula mpaka mabati ya nyumba. Kumbe kila jioni alizifunika kanga kavu. Hakuziweka chini, kwa sababu ya mchwa na unyevu. Parafujo alizipaka grisi. Kila mwezi alizipiga japo nusu saa hata kama hakuna kazi. Alikuwa anazikagua kwa vidole: unaisukuma koni polepole, na ukisikia mkwaruzo ndani ujue koili imehama. Spika za ukingo wa sponji alizikataa, akasema sponji inaoza yenyewe hata usipoitumia, bora ukingo wa kitambaa. Hakuna siku niliyomsikia akisema analojia ni tamu kuliko dijitali. Alikuwa akitunza tu.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike. Mwaka 1997 mjomba alibeba redio-kaseti mpaka Ubena Zomozi, akamrekodi bibi kanda mbili: hadithi zake, zile za sungura na fisi zenye nyimbo ndani yake, na majirani wakiitikia na kupiga ngoma. Bibi alifariki mwaka 2003. Mwaka 2014, katika moto wangu wa dijitali, niliomba kanda zote mbili nikazigeuze mp3. Mjomba akanipa moja. "Hii nyingine utaikuta hapa," akasema. Nikamwona bahili.

Ile moja niliinakili kwenye kompyuta ya rafiki, nikaiweka kwenye simu, na kanda nikaitupa. Naam, niliitupa! Nilijua nimeshaiokoa. Miezi mitano baadaye simu ikaibwa kwenye daladala. Nikamkimbilia yule rafiki. Alikuwa ameshafuta kila kitu ili apate nafasi ya filamu. Nilitupa sauti ya marehemu mama wa mtu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akinilipia ada.

Sikumwambia mpaka siku ya nne ya zile spika, tulipokuwa tunafunga parafujo za mwisho. Nilimwambia yote. Akaendelea kukaza. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa la mfuniko, na ndani yake kanda ya pili imefungwa nailoni. Akaiweka kwenye deki.

Ndugu msomaji, niliwahi kuisikia nakala ya ile kanda ya kwanza kwenye simu. Pale nilisikia maneno ya bibi na makofi ya majirani, nikadhani ndiyo yote. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti ya chini, ni ndogo mno. Kwenye koni ile ya inchi 15, iliyosukwa upya kwa mikono yetu, nilisikia ngoma kubwa kwa mara ya kwanza, na chini ya ngoma nikasikia miguu ya bibi ikikanyaga ardhi anapocheza sehemu ya fisi. Ilikuwemo kwenye mkanda siku zote. Kanda inavuma shii shii, mahali fulani imenata na sauti inayumba, lakini miguu ile ipo.

Mjomba alisikiliza upande mzima. Ulipokwisha akasema, "Ya kulia iko chini kidogo. Iongeze." Akaenda kunywa chai.

Kanda ile ina nakala tatu sasa: moja Bagamoyo, moja Dar, moja kwa dada yangu Mwanza. Zote ni za dijitali na hazikubanwa. Namshukuru aliyegundua namba, maana nakala ya kumi ni sawasawa na ya kwanza, jambo ambalo kaseti haiwezi; ukinakili kaseti kwa kaseti kila mara unaongeza uvumi. Lakini kanda yenyewe imo koponi bado. Kila mwaka tunazifungua nakala zile kuona kama ni nzima, kama vile mjomba anavyosukuma koni kwa vidole.

Zile kanda za Redio Tanzania nazo ni kopo letu sote. Redio ile iliingia katika shirika la TBC mwaka 2007. Mwaka 2012 wapenzi wa muziki walioanzisha Tanzania Heritage Project walichangisha fedha ili kanda zile zihamishiwe kwenye dijitali kabla hazijaoza. Kazi ya namna hiyo haina sherehe ya kukata utepe. Gundi inayoshika unga wa kanda huvuta unyevu na kunata, na mashine za kuzicheza zinataka fundi anayezijua. Ukiwa na kanda huna mashine, umeshika utepe wa kufungia maua. Ukiwa na mashine huna fundi, umeshika chuma chakavu.

Nyinyi mnaosoma gazeti hili mnapenda kuandika, nami pia. Nawaomba kabla ya hadithi yenu inayofuata mwende kwa bibi, mama mkubwa au yeyote aliyebaki. Mrekodini kwa simu hizo hizo mlizonazo. Wekeni nakala zaidi ya moja, mahali zaidi ya pamoja, na mzifungue mara kwa mara. Mkikuta kanda ya zamani ndani ya nyumba, msiitupe hata mkishainakili. Na mkipita kibanda cha fundi redio mwenye masanduku ya mbao, mwamkieni kwa heshima.

Mjomba bado yupo pale Magomeni. Jana nimempigia simu kumwambia kwamba nimemwandika. Akaniuliza kama nimeandika pia kwamba niliziunguza spika zake. Nikamwambia ndiyo. "Haya," akasema, "hapo sawa."